Swadeshi na Haki ya Jirani

Swadeshi ni kanuni ya kutumia bidhaa za nchini badala ya zile zinazoletwa kutoka nje. Nchini India kanuni hiyo ilienea kama silaha ya kisiasa mwaka 1905, Waingereza walipoigawa Bengal. Mohandas Gandhi ndiye aliyeifanya suala la dini. Mwaka 1916, akihutubia wamisionari wa Kikristo mjini Madras, alieleza kwamba mtu ana wajibu wa kuwatumikia kwanza walio karibu naye: ashike dini ya wazee wake huku akiisafisha kasoro zake, anunue vitu vya majirani zake, na vikiwa duni awasaidie kuviboresha.

Hoja yake inaanzia kwenye udogo wa binadamu. Hakuna awezaye kuuhudumia ulimwengu mzima, na anayemruka jirani kwa kisingizio cha kumtumikia wa mbali huishia kutomtumikia yeyote. Gandhi aliifananisha kanuni hii na fundisho la Bhagavad Gita kwamba ni heri wajibu wa mtu mwenyewe, hata ukiwa na dosari, kuliko wajibu wa mwingine. Kwa hiyo urahisi wa kitambaa cha Lancashire, Uingereza, haukumtosha. Bei yake haikuonyesha hasara ya msokotaji wa kijijini aliyekosa kazi.

Ugumu ulijitokeza Julai 1921, marundo ya nguo za kigeni yalipochomwa moto Bombay katika kampeni ya Gandhi ya kuzisusia. C. F. Andrews, rafiki wa Gandhi na padri wa Kianglikana, aliumia kuona kazi ya mikono ya binadamu wengine ikiteketezwa. Gandhi alishikilia kwamba kuwagawia maskini nguo ambazo wenye nazo wameona aibu kuzivaa ni kuwavunjia heshima. Jibu hilo lina uzito, ila halimfikii mtu asiye na nguo ya kubadilisha. Mwandishi Rabindranath Tagore aligusa penye kidonda zaidi: suala la uchumi lilikuwa limegeuzwa kuwa la unajisi, na watu wakatakiwa kutii pasipo kufikiri. Katika riwaya yake Ghare Baire, wanaoumizwa na ususiaji ni wachuuzi maskini wanaoishi kwa kuuza bidhaa rahisi. Hapo Tagore alikuwa na haki, kwa maana wachuuzi hao nao ni majirani.

Gandhi mwenyewe alipinga kukataa kitu kwa sababu tu ni cha kigeni. Alikubali kununua vifaa vya upasuaji vya Uingereza na saa za Uswisi. Alichokataa ni kitambaa, ambacho Wahindi waliweza kukitengeneza wenyewe. Mwaka 1931 alikwenda Lancashire kukutana na wafanyakazi wa viwanda vya pamba walioathiriwa na ususiaji. Walimpokea kwa ukarimu, naye akawaeleza umaskini wa mamilioni ya watu wa kwao.

Linabaki swali la nani abebe gharama, kwa kuwa khadi, kitambaa cha kusokotwa na kufumwa kwa mkono, ilikuwa ghali kuliko cha kiwandani. Swadeshi inakuwa ya haki pale mzigo unapoanzia kwa wenye uwezo. Mwishoni mwa 1924 chama cha Congress kilijaribu kuuanzisha mzigo huo kwa wanachama wake: kilikubali kwamba kila mmoja atoe yadi 2,000 za uzi kila mwezi. Sharti hilo liliwashinda wengi, na mwaka uliofuata likalegezwa.