Mwembe wa Mama na Shamba la Yeremia

Somo: Yeremia 32:6–15, Habakuki 3:17–18



Siku moja baada ya ibada mama mmoja wa kanisa letu alinionyesha mche wa mwembe aliouotesha katika kopo. Akaniuliza, "Mchungaji, niupande? Kiwanja si changu. Mwembe huchukua miaka mingi kuzaa, nami sijui mwaka ujao nitakuwa wapi."

Sikumjibu upesi, maana swali lake ni letu sote. Sisi wa hapa Lobule, Koboko, wengi tulivuka mpaka kutoka Kongo. Ndugu zetu wa Rhino Camp na Imvepi, upande wa Arua, wengi walikimbia vita vya Sudan Kusini vya mwaka 2016. Tulidhani ni miezi tu. Watoto tuliowabeba mgongoni leo wanakwenda shule wenyewe.

Tena maisha yamezidi kuwa magumu. Mwaka 2023 familia ziliwekwa katika makundi matatu, na walio katika kundi la tatu wakaacha kupata mgao wa chakula. Siwaambii msilie. Nabii Habakuki hakuficha njaa. Alihesabu kwanza vyote vilivyokosekana: tini, zabibu, zeituni, nafaka ya shambani, kondoo wa zizini. Alipokwisha kuhesabu ndipo akasema kwamba atamfurahia Bwana. Basi furaha ya Mkristo si kujifanya kwamba chungu kimejaa. Jina lako laweza kuondolewa katika orodha ya mgao, lakini kwa Mungu halijaondolewa. Hiyo ndiyo furaha yetu.

Na kesho tusiyoijua, je? Mtazameni Yeremia. Jeshi la Babeli limeuzunguka Yerusalemu, naye mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi. Wakati huo Mungu anamwambia anunue shamba la Hanameli, mwana wa baba yake mdogo, kule Anathothi. Nani hununua shamba ambalo adui amekwisha kulishika? Yeremia akapima shekeli 17 za fedha, akatia sahihi mbele ya mashahidi, akamwagiza Baruku aiweke hati katika chombo cha udongo ili idumu siku nyingi.

Ndugu zangu, Biblia haisemi kwamba Yeremia alilima shamba lile hata siku moja. Sura ya 43 inatuonyesha alivyochukuliwa mpaka Misri pamoja na watu waliokimbia. Naye akawa mkimbizi kama sisi. Lakini neno la Mungu halikuanguka. Watu walirudi kutoka uhamishoni, wakajenga na kulima tena.

Jambo hili hata wenyeji wetu wanalijua. Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, na vita vilipofika West Nile mwaka 1980, watu wengi wa Arua na Koboko walikimbilia Sudan na Zaire. Walirudi katika miaka ile ya 1980. Mzee mmoja jirani yetu aliniambia, "Mchungaji, niliacha miembe yangu Sudan. Nani anakula maembe yake leo, sijui. Lakini nilipokuwa kule, mimi nilikula maembe ya miti ambayo sikuipanda." Leo watu kama huyo ndio waliotupa ardhi tunayolalia.

Hapo nikapata jibu. Nilimwendea yule mama nikamwambia, "Mama, panda. Ukibaki, utakula. Ukirudi nyumbani, atakula mtoto wa mwenyeji au mgeni atakayekuja nyuma yako. Mungu atakuwa nawe huko uendako, na hapa pia."

Wapendwa, tumaini si kukaa tukiuliza tarehe ya kurudi. Ni kutenda leo kama watu ambao kesho yao iko mkononi mwa Bwana. Baba, mpeleke binti yako shule. Kijana, jifunze ufundi. Wewe mwenye kisahani cha maharage, mkumbuke mjane wa kundi la tatu. Uliyegombana na jirani kwa ajili ya kuni au maji, nenda mkapatane kabla ya Jumapili.

Kila mmoja wetu ajiulize: shamba langu la Anathothi ni lipi? Basi alinunue wiki hii.

Tuombe: Bwana, tumechoka, nawe wajua. Tupe furaha isiyotegemea mgao, na mikono inayopanda. Amina.

Ndugu yenu katika Kristo,
Mchungaji