Kiwanja cha Maskini na Mei Mosi Yetu

Kila ifikapo tarehe 1 Mei, Siku ya Wafanyakazi, watu wa Mombasa walio na nafasi, wakiwa wamechoshwa na kazi za juma zima, aghalabu huiona siku hiyo kuwa fursa ya kulala, ya kuzuru jamaa, au ya kupunga upepo ufukweni Mama Ngina. Simlaumu mtu kwa kupumzika, maana mapumziko nayo ni haki ya mwenye kufanya kazi. Lakini naona ni kuwadhulumu waliotutangulia kuipokea siku hii kana kwamba ni sadaka ya serikali, ilhali waliotupatia waliigharimia kwa jasho, kwa vifungo, na wengine kwa roho zao.

Asili yake yajulikana. Tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi wa Marekani, hasa wale wa mji wa Chicago, waligoma wakidai kazi ya saa 8 kwa siku. Siku ya nne bomu likalipuka penye mkutano wa wafanyakazi katika uwanja wa Haymarket mjini humo, na mwaka uliofuata wanaume 4 walinyongwa kwa kesi ya bomu hilo pasipo kuthibitishwa kuwa hata mmoja wao ndiye aliyelirusha. Mwaka 1889 wajumbe kutoka mataifa mbalimbali waliokutana Paris wakaichagua tarehe ile iwe siku ya wafanyakazi wa dunia yote.

Hata hivyo, sisi wa pwani hatuna haja ya kwenda mpaka Chicago kuwatafuta wahenga wa kadhia hii. Januari 1947, katika mji huu huu, wafanyakazi wapatao 15,000, makuli wa bandarini, watu wa reli, watumishi wa mahoteli na wapishi wa majumbani, waliacha kazi kwa pamoja kwa sababu ujira wao haukulingana na bei ya chakula wala kodi ya chumba. Hawakujifungia ndani wakingoja habari. Walikusanyika siku baada ya siku katika uwanja ulioitwa Kiwanja cha Maskini, wakasikilizana na kutiana moyo. Katika mgomo ule kilizaliwa chama cha African Workers Federation, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake mashuhuri. Baadaye wengi waliongezewa mishahara, lakini Kibachia, kabla ya mwaka kwisha, alikuwa amekwisha kamatwa na kuhamishiwa Baringo. Miaka miwili baadaye, siku ya Mei Mosi 1949, Makhan Singh na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki; nao wakatiwa mbaroni Mei 1950, na Makhan Singh hakupata uhuru wake hadi mwaka 1961.

Vijana huniuliza: maandamano ya Mei Mosi siku hizi yako wapi, na mtu asiye na chama huingiaje? Mimi niliyapata kwa kumwuliza mlinzi wa usiku wa mtaa wetu, ambaye alinieleza bila kusita kuwa wenzake watakutana kandokando ya barabara baada ya sala ya alfajiri, kisha waende pamoja uwanja wa Tononoka. Nilipofika nilimkuta mama mmoja, mtumishi wa nyumbani, ameshika bango la karatasi ya boksi lililokuwa na doa la mafuta ya kupikia, na juu yake ameandika kwa wino mzito: SAA ZA KAZI ZIJULIKANE. Akaniuliza, “Wewe ni wa chama gani, mzee?” Nikamjibu, “Sina chama, mama, mimi ni mwandishi.” Akasema, “Basi shika upande huu, upepo usije ukalichana.” Tulipokuwa tukitembea alinihadithia kwamba huamka saa kumi za usiku kuwatayarishia watoto wa tajiri wake chai, na kwamba saa ya kuanza kazi anaijua, ila ya kumaliza hajapata kuambiwa. Nikatambua kuwa lile dai la mwaka 1886, tunalolisoma kama tarehe ya vitabuni, kwake yeye ni haja ya jana na ya kesho.

Hiyo ndiyo faida ya kwenda kwa miguu yako. Dhiki isomwayo gazetini huhurumiwa na kusahauliwa, bali dhiki uliyoshika nayo bango moja hukudai jibu. Nayo haki ni kama njia ya shamba: isipopitwa huota majani, na mwisho wenye nguvu huapa kuwa hapakuwa na njia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 37, yampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na sheria yawataka waandalizi kuwapa polisi taarifa siku tatu kabla. Anayekwenda kwa amani haombi fadhila ya mtu.

Najua wako wanaoogopa, na hofu yao si bure, maana moshi wa kutoa machozi umewafika wengi wasio na hatia. Kwa hiyo uliza kwanza: nani ameitisha, dai ni lipi, njia ni ipi. Ukimwona mwanasiasa anagawa fulana na noti, tambua kwamba hayo ni maandamano yake. Ukifika, sikiliza kabla ya kunena, na mwenye shida mwache atangulie.

Basi, msomaji wangu, Mei Mosi ijayo waulize walio karibu nawe, mlinzi, kuli, mwalimu, mwuguzi wa zahanati, au ofisi ya chama chao, wanakusanyika wapi. Kisha nenda ukasimame nao. Na ikiwa nyumbani kwako yumo mtumishi anayekupikia na kukulelea watoto, mpe ruhusa naye aende, bila kumkata ujira wa siku, na arudipo mkae mpatane saa yake ya kumaliza kazi.