Bustani ya Shule ni ya Nani?

Katika nchi ya Ulyankulu mvua hunyesha msimu mmoja tu, tangu Novemba hata Aprili. Baada ya hapo nyasi hukauka, na mboga mbichi huwa adimu. Ndiyo sababu mama zetu huanika majani ya kunde mapema, wapate nsansa ya kiangazi. Basi shule iliyo karibu na kisima, yenye matuta ya mchicha, mnafu na matembele, ina hazina. Lakini yatupasa kuuliza: bustani hiyo ni ya nani?

Wengine wasema, Ni ya mwalimu, maana yeye ndiye msimamizi. Wengine wasema, Ni ya shule. Mboga ziuzwe, chaki zinunuliwe. Tena wako wazazi wanung'unikao wakisema, Tulimpeleka mtoto kusoma, wala hatukumpeleka kulima. Jembe liko nyumbani. Maneno hayo yote yana sehemu ya kweli, wala hatuyadharau.

Mwezi wa Machi 1967 Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alisoma Tabora, alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule ziwe na mashamba, lakini hakutaka wanafunzi wawe vibarua. Alitaka wao wenyewe washauriane juu ya kazi na juu ya matumizi ya mapato. Mahali pengi walishika jembe, wakaliacha shauri. Pengine kulima kukawa adhabu ya mchelewaji. Mtoto aadhibiwaye kwa jembe hujifunza jambo moja tu, ya kuwa udongo ni wa watu waliokosa. Je, akikua ataupenda?

Sisi twaona hivi: kazi ileile yaweza kuwa mafunzo, nayo yaweza kuwa utumwa. Tofauti haimo katika jembe, bali katika mambo mawili, kujua na kula.

Kwanza, kujua. Mtoto aelezwe kwa nini samadi hungojewa ioze, na kwa nini tuta hufunikwa nyasi wakati wa jua kali. Ahesabu mbegu na ndoo za maji, maana hiyo nayo ni hesabu. Aelezwe kwamba majani mabichi yana madini ya chuma, yafaayo damu, na asili ya vitamini A, ilindayo macho. Tena kwamba mafuta ya karanga huusaidia mwili kuipokea vitamini hiyo. Hapo bibi yake aungaye mboga kwa karanga ataonekana kuwa mwalimu naye.

Pili, kula. Wahenga walisema, Mchumia juani hulia kivulini. Hawakusema kwamba mmoja achume juani, na mwingine ale kivulini. Hata ng'ombe apurapo nafaka huachiwa punje mbili tatu. Basi mboga za kwanza ziingie katika sufuria ya watoto. Zikizidi ziuzwe, na hesabu ya fedha isomwe mbele yao.

Labda mtu atasema, Watoto ni wengi, na matuta ni machache. Kila mmoja atapata kijiko kimoja tu. Ni kweli. Lakini kijiko hicho kimoja chamfundisha haki, na mbegu atakazokwenda nazo nyumbani zitamlisha mdogo wake.

Tena watu wa Ulyankulu wana sababu yao ya kulifikiri neno hili. Nchi hii, ambayo zamani ilitawaliwa na Mtemi Mirambo hata alipofariki mwaka 1884, iliwapokea tangu 1972 watu waliokimbia Burundi, wakiacha mashamba nyuma yao. Wakakata msitu, wakalima. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wengi wao walihamishiwa Mishamo, maana ardhi na maji havikutosha. Wengi wa waliobaki, na watoto wao, leo ni raia wa Tanzania. Watu hao waujua uchungu wa kupanda bila kuvuna. Haifai wajukuu wao wafundishwe uchungu huo shuleni.

Basi, ninyi walimu na wazee wa kamati, kabla ya kugawa majembe msimu huu, waiteni watoto na wazazi wao, mkapatane nani atamwagilia, na nani atakula. Majibu mawili hayo yakiwa mamoja, bustani imekwisha kuwa shule.