Tundu la Ufunguo

Shemeji yangu anaishi Columbus, Ohio, mwaka wa 12 sasa. Ni mtu wa utani, mpole, anapika pilau kuliko dada yangu, na ana bastola. Nilipowatembelea alinionyesha kama mtu anavyoonyesha saa aliyorithi. Aliifungua kwanza, akatoa risasi tano, akazipanga mezani, akahakikisha ni tupu, ndipo akaniwekea mkononi. Rivolva ndogo ya Smith & Wesson, nyeusi, nzito kuliko nilivyotarajia.

"Angalia ubavuni, shem. Unaona nini?"

Sikuona kitu.

"Ndiyo hivyo. Haina tundu."

Kumbe ile ilikuwa sifa yake kuu. Alikuwa ameinunua mkononi mwa mtu, bastola kuukuu ya miaka ya themanini, na alilipa zaidi kwa sababu haina tundu. Dukani ilikuwepo mpya, umbo lilelile, na dhamana ya kiwanda juu, lakini ina tundu. Akaiacha.

Nilicheka, halafu usiku sikupata usingizi (mambo ya kubadili saa za dunia), nikaanza kusoma habari za tundu. Nimeendelea kusoma mpaka leo, na nakiri kwamba sikutarajia mjadala wa vipuri vya bastola unirudishe kwenye maswali niliyodhani niliyaacha chuoni.

Tundu lenyewe ni dogo, kama punje ya choroko. Liko ubavu wa kushoto, juu ya kile kitufe cha kufungulia silinda. Unaingiza ufunguo mdogo, unazungusha, na kando ya nyundo kinainuka kibati kidogo kuonyesha kwamba imefungwa. Nyundo haiendi popote. Hata mtoto avute triga kwa mikono miwili, haitalia. Ni kufuli tu, basi. Mtu asiyeijua historia yake atashangaa kwa nini watu wazima wanagombana miaka zaidi ya 20 juu ya kufuli.

Historia ni hii. Machi 2000 kampuni ya Smith & Wesson ilitia saini makubaliano na serikali ya Rais Bill Clinton. Wakati ule miji kadhaa ya Marekani ilikuwa inawashtaki watengenezaji wa bunduki, na kampuni ikaona bora iahidi mambo fulani ili iondokane na kesi. Mojawapo ya ahadi hizo ilikuwa kufuli la ndani katika silaha zake, ndani ya miaka miwili. Wapenda bunduki walichukulia kama usaliti. Wakasusa. Mauzo yakaanguka vibaya, na Mei 2001 wenye kampuni, Tomkins wa Uingereza, waliokuwa wameinunua mwaka 1987 kwa zaidi ya dola milioni 110, wakaiuza kwa dola milioni 15 na mzigo wa madeni. Tomkins, kwa taarifa yako, waliwahi kumiliki viwanda vya mikate na viwanda vya bastola kwa wakati mmoja. Na mnunuzi? Kampuni ndogo ya Arizona iitwayo Saf-T-Hammer, ambayo biashara yake ilikuwa vifaa vya kufungia bunduki. Basi kufuli likaingia kweli.

Wapiga shabaha wakalibatiza tundu la Hillary. Angalia hapo: aliyeongoza serikali ni mume, lakini tundu likapewa mke. Sitakaa sana hapo, ila ukitaka kuandika insha nyingine kuhusu nani hubebeshwa lawama, jina hilo peke yake linakutosha.

Maoni juu ya bastola hizi mpya yamegawanyika tangu siku hiyo. Wako wanaosema kwa lugha ya ufundi: kila kipuri unachoongeza ni kipuri kinachoweza kuharibika, na wengine wanadai kwamba katika zile rivolva nyepesi zenye risasi kali, teke la risasi linaweza kuinua kile kibati lenyewe na bastola ikajifunga katikati ya shida. Wako wanaosema kwa lugha ya macho, kwamba umbo lililopendwa tangu enzi za babu zao limetobolewa ubavu. Wako wasiojali hata kidogo, wanaonunua, wanapiga, na ufunguo wamesahau waliuweka wapi. Na wako wachache, sauti zao za chini, wanaosema wanalitumia kila siku wanapoondoka nyumbani na hawaoni ugomvi uko wapi. Kuna mpaka vizibo vinauzwa: unang'oa kufuli, unaziba tundu, na bastola inafanana na ya zamani. Kampuni yenyewe, miaka ya karibuni, imeanza kutoa tena rivolva zisizo na tundu, na watu wamezipokea kama mtoto aliyepotea.

Hoja ya ufundi ninaiheshimu. Kama chombo umekinunua kwa ajili ya dakika moja mbaya, una haki ya kudai kisikwame dakika hiyo. Lakini siamini kwamba ndiyo kiini cha hasira, na sababu yangu inatoka kwenye historia ya kampuni hiyohiyo.

Mwaka 1887 Smith & Wesson ilitoa rivolva yenye kinga mgongoni mwa mpini. Usipoikamata sawasawa na kuubana mpini kwa kiganja, haifyatuki. Inasimuliwa kwamba D. B. Wesson aliibuni baada ya kusikia habari za mtoto aliyeumia kwa bastola ya nyumbani. Iwe kweli au hadithi, wapenda bunduki wenyewe ndio wanaoisimulia, na wanaisimulia kwa fahari. Wameipa jina la utani la kikamulio cha limau. Mwaka 1952 kampuni ilipotimiza miaka 100 ikairudisha kinga hiyo katika rivolva mpya iliyoitwa Centennial, na ndani ya mpini ikaweka kipini kidogo: usiyetaka kinga, chomeka kipini, kinga inalala. Leo hizo ni bastola za kutafutwa kwa tochi.

Sasa weka mbili hizi pamoja. Kampuni ni ileile. Nia ni ileile, kwamba mkono usiostahili usifyatue. Ya kwanza nayo imeongeza kipuri, na kipuri hicho nacho kinaweza kukwama. Moja inapendwa, nyingine inatukanwa. Tofauti ninayoiona ni moja tu: ya kwanza walipewa na mtu wao, pamoja na kipini cha kuikataa. Ya pili waliletewa na mtu wasiyemwamini.

Je, kinga inapungua thamani kwa sababu imetoka mkono usiouamini? Jibu la haraka ni hapana, dawa ni dawa hata akikupa adui. Nilikuwa na jibu hilo kwa siku mbili hivi. Kisha nikajiuliza mbona mimi mwenyewe silimezi. Nikiamriwa kufunga mlango wangu na mtu ninayehisi kwamba kesho atataka mlango wenyewe, sitausikia ule ushauri hata ukiwa wa busara. Nitasikia hatua zake zikikaribia. Shemeji alisema hivyohivyo kwa maneno yake: "Leo wamenipa ufunguo, kesho watautaka." Unaweza kusema ni woga wa bure, lakini usiseme hauna mantiki.

Kwa hiyo nikamfikiria Odysseus. Sote tunamkumbuka pale kwenye mlingoti, amefungwa kamba, mabaharia wamezibwa masikio kwa nta, wale wanawake wanaimba ng'ambo. Anapiga kelele afunguliwe na wao wanazidi kukaza, kwa sababu ndivyo alivyowaagiza. Tunamwita mwenye hekima kwa kufungwa. Hakuna anayesema alinyang'anywa uhuru, kwa kuwa kamba aliiagiza mwenyewe, asubuhi, akili ikiwa imetulia. Kama kamba ileile angefungwa na mfalme wa nchi nyingine, tungekuwa tunasoma habari za mateka.

Hapo nilidhani nimemaliza. Kinga ya kujichagulia ni hekima, ya kulazimishwa ni utumwa, shemeji ana haki yake, tulale. Tatizo ni kwamba Odysseus alijua anaogopa nini. Alijiogopa mwenyewe. Katika yote niliyosoma kuhusu tundu, wanaogombana wanamzungumzia mwizi, na wanamzungumzia mtoto. Wa kulikataa wanamwona mwizi anapanda ngazi saa nane usiku na baba anahangaika na ufunguo gizani. Wa kulikubali wanamwona mtoto wa miaka minne ambaye ameburuta kiti mpaka kwenye kabati. Kila upande una picha yake na inatosha kumkosesha mtu usingizi. Lakini zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu kujiua. Mtu wa tatu, mwenye bastola mwenyewe, hana picha. Hayumo kwenye ugomvi kabisa.

Fasihi ilimwona mapema. Katika Hedda Gabler ya Ibsen, ya mwaka 1890, zile bastola za marehemu baba yake ziko ndani ya nyumba tangu mwanzo na kila mtu anaziona. Mume anamsihi asichezee vitu vya hatari. Hakimu Brack anaitoa moja mkononi mwake kwa upole, anairudisha kwenye sanduku lake, mazungumzo yanaendelea. Wote wanadhani hatari ya bastola ni ajali, au ni utovu wa adabu. Hakuna anayemtazama Hedda mwenyewe. Chekhov anakumbukwa zaidi katika habari za bunduki jukwaani, lakini somo lake ni la waandishi: usitundike kitu usichokitumia. Ibsen anazungumza na wenye nyumba.

Sasa lazima niseme ambalo nimekuwa nikilizunguka.

Siku moja kabla sijaondoka, dada alikuwa anachambua mchele, shemeji yuko kazini. Nikamtania kuhusu bastola isiyo na tundu. Hakucheka. Akaniambia kwamba majira ya baridi ya mwaka uliotangulia, shemeji alipoachishwa kazi kwenye ghala, kulikuwa na wiki tatu ambazo alikuwa haongei. Anaamka, anakaa sebuleni na koti, hawashi hata televisheni. Dada hakumwuliza kitu. Siku moja alipotoka kwenda dukani, dada akafungua mtoto wa meza, akaichukua ile bastola, akaifunga kwenye kanga na kumpelekea rafiki yake akae nayo. Shemeji akaona haipo. Naye hakuuliza. Machi alipata kazi nyingine, na mwezi wa nne ikarudi mahali pake. Mpaka siku ile hawakuwa wamelizungumza.

"Usimwambie nimekwambia," dada akasema.

Nilimwambia. Si siku ile, ni miezi baadaye, kwa simu, kwa ruhusa ya dada. Nilitaka kujua jambo moja tu, na nililiuliza vibaya, kama mtu anayesahihisha mtihani: wiki zile tatu, asingependa iwe na tundu?

Alikaa kimya mpaka nikadhani laini imekatika. Wanaojua mambo haya wanasema lile wimbi kali mara nyingi huwa fupi, na wengi wanaonusurika hawafi kwa njia hiyo baadaye; kwamba kitu kidogo cha kuchelewesha kinaweza kutosha. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia hayo.

"Shem," akasema, "ufunguo ningekuwa nao mimi."

Sikuwa nimelifikiria. Kurasa zote zile nilizosoma, na Odysseus wangu, na sikuwa nimeona kwamba Odysseus hakujifunga mwenyewe. Kamba zilikuwa mikononi mwa mabaharia. Kufuli ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwako linamzuia mwizi na linamzuia mtoto. Kwako wewe ni sekunde tano za kuzungusha mkono. Pengine sekunde tano ni kitu. Pengine si kitu. Dada, asiyejua chochote kuhusu tundu la Hillary wala makubaliano ya mwaka 2000, alitumia kanga na rafiki mwaminifu, na shemeji, anayepinga kila kinga ya kuletewa na serikali, aliiona ile ya mkewe, iliyowekwa bila idhini yake, akainyamazia.

"Huwa zinakuja funguo mbili," nikamwambia. Nilikuwa nimelisoma hilo.

"Zinakuja mbili?"

"Mbili, kwenye boksi."

Akaguna. Nyuma yake nilisikia mtoto akiuliza viatu vyake viko wapi, naye akamjibu viko chini ya ngazi, kavae haraka basi linakuja. Halafu akarudi kwenye simu akaniuliza bei ya mchele huku kwetu imefika wapi.

Bado anayo ileile kuukuu. Dada anasema sasa haikai kwenye mtoto wa meza, na hajaniambia inakaa wapi.