Kiapo cha Mhusika na Dhamana ya Mwandishi: Suala la Usaliti katika Mchezo wa Posta

Mhakiki wa fasihi amezoea kuitenga nafsi inayosema katika kazi na mtu aliyeiandika kazi hiyo. Hamhukumu mtunzi kwa uongo wa mhusika wake. Makala haya yanauliza iwapo utengano huo unasimama pale ambapo hadhira ni mtu mmoja, aipokeaye kazi katika bahasha yenye anwani yake mwenyewe.

Hali hiyo ilidhihirika katika michezo ya posta nchini Marekani. Mwaka 1963 John Boardman alianza kuuendesha kwa barua mchezo wa Diplomacy, ambao Allan Calhamer aliutoa mwaka 1959. Kanuni za mchezo huo zinaeleza wazi kuwa mchezaji hafungwi na ahadi anazotoa. Mwaka 1978 kampuni ya Schubel & Son ya California ilianzisha Tribes of Crane, mchezo wa fantasia ambamo kila mshiriki aliongoza kabila katika sayari ya kubuni. Mshiriki alituma maagizo pamoja na ada ya zamu. Msimamizi aliyasoma, akaamua matokeo, kisha akamrudishia maelezo ya yaliyolifika kabila lake. Baina ya zamu na zamu kulikuwa na nafasi ya viongozi kuandikiana, kuapiana udugu na kusalitiana.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kiongozi anamwandikia jirani yake kwamba malisho ya mtoni ni yao wote. Zamu inayofuata anamvamia. Je, ni nani aliyesema uongo? Yamkini jibu ni jepesi. Kabla ya barua ya kwanza, wote wawili walikwisha kukubali kwamba kiapo cha kiongozi ni sehemu ya hadithi. Aliyesalitiwa anaweza kulipiza kisasi akiwa kiongozi. Akiwa mtu, hana la kulalamikia.

Sasa tuseme mchezaji yuyo huyo anaandika barua ya pili, anaitia sahihi kwa jina lake halisi, na kueleza kuwa mkewe ni mgonjwa, hivyo anaomba asishambuliwe kwa zamu mbili. Jirani anakubali. Kumbe ugonjwa wenyewe ni wa kubuni. Hapa kinyago hakimsitiri tena, kwa maana huruma aliyoichezea haikuwa mali ya kabila lolote la sayari ile. Ilikuwa ya msomaji wa barua.

Kuna na anayeacha kuandika bila kuaga. Mholanzi Johan Huizinga, katika kitabu chake Homo Ludens cha mwaka 1938, alibainisha kuwa wachezaji humsamehe mlaghai kwa wepesi kuliko anayeuvuruga mchezo, kwani mlaghai angalau hujifanya kuuheshimu. Katika mchezo wa posta hoja hii ina uzito wa pekee. Usaliti una mhusika wa kuubeba; kimya hakina. Wanaongoja barua na kulipia zamu ni watu, na anayewatelekeza ni mtu.

Huenda msomaji akatukumbusha hoja ya Roland Barthes kuhusu kifo cha mwandishi. Tunaikubali katika mipaka yake. Maana ya barua yaweza kuwa mikononi mwa anayeisoma. Dhamana ya ahadi iliyomo haihamii kwake. Katika fasihi simulizi fanani huwa mbele ya hadhira, na aghalabu macho na sauti yake huonyesha ni wapi anapotania. Katika mchezo wa barua kila mmoja ni fanani na hadhira kwa zamu, na hakuna amwonaye mwenziwe. Kilichobaki ni sahihi. Kwa hiyo, kabla ya kuuita uongo sanaa, mhakiki hana budi kuuliza: umetiwa sahihi ya nani, na je, aliyedanganywa aliwahi kukubali kudanganywa na mwenye sahihi hiyo?