Kalenda Nyingi za Shule Moja

Ajenda ya mkutano wa wazazi katika shule nyingi za msingi nchini Tanzania hujulikana hata kabla haijasomwa: taarifa ya mwalimu mkuu, taaluma, chakula cha wanafunzi, ujenzi wa vyoo au madarasa, kisha mengineyo. Mzazi hupata nafasi ya kusema kwenye mengineyo. Kufikia hapo jua limekuwa kali, wenye genge sokoni wameshaaga, na yaliyo mazito yamepita. Muhtasari utaandika kwamba wazazi walishirikishwa.

Ni rahisi kuilaumu serikali, na lawama hiyo ina msingi. Katika andiko lake la 1968, *Uhuru na Maendeleo*, Rais Nyerere alishikilia kwamba watu hujiendeleza wenyewe, hawaendelezwi na mtu. Miaka minne baadaye serikali yake hiyohiyo ikazifuta halmashauri, na sheria za kuzirudisha zikaja 1982.

Lakini tuseme kila kiongozi ni msikivu. Bado lingebaki tatizo ambalo usikivu hauliondoi: wanaoketi kupanga hawahesabu muda kwa namna moja. Mzazi ana miaka saba, labda zaidi kidogo kama kuna mdogo mtu anayefuata. Mwalimu yupo hadi barua ya uhamisho ifike. Mwenyekiti wa mtaa huhesabu miaka mitano ya uchaguzi, halmashauri huenda kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai, na shule yenyewe hufungua Januari. Aliyebaki ni jirani, yule mzee ambaye wanawe walimaliza zamani. Ataishi na matokeo ya shule hiyo, mazuri na mabaya, hadi mwisho wa umri wake, na barua ya mwaliko haimfikii.

Mapatano, kwa mazoea ya fikra, ni jambo la watu waliosimama ana kwa ana. Shule inalipinga wazo hilo. Anayepangiwa ni mtoto ambaye hayupo kikaoni, na atakayelikalia dawati mwaka 2040 bado hajazaliwa. Kupanga pamoja, basi, ni kupanga na wasiokuwepo pia, na hapo ndipo kura ya kunyoosha mikono inapopungukiwa.

Matokeo yake yanaonekana kwa macho. Kuanzia 2004, mpango wa elimu ya sekondari, MMES, ulisukuma kila kata iwe na sekondari yake. Wananchi walichimba msingi, wakasomba mchanga na kokoto, wakapandisha kuta hadi kwenye lenta wakitarajia serikali ipaue. Nguvu kazi ya kijiji hupatikana baada ya mavuno. Fedha za paa husubiri bajeti. Pale viwili hivyo viliposhindwa kukutana, mvua ilinyeshea maboma. Wapo wanaosema ulikuwa uzembe tu. Uzembe ulikuwepo, lakini hautoshi kueleza kwa nini hadithi hiyo ilijirudia katika wilaya zisizofanana kwa lolote lingine.

Kisha ikaja hoja ya fedha. Elimu bila ada ilianza 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango shuleni. Kwa mtoto aliyekuwa akirudishwa nyumbani kwa kukosa mchango, hiyo ilikuwa nafuu isiyo na shaka. Ila kuna wazazi waliozoea kwamba anayetoa ndiye mwenye haki ya kuhoji, na mchango ulipokoma na maswali yao yakapungua. Kama haki ya kupanga hutoka mfukoni, maskini hakuwahi kuwa nayo. Ni afadhali itokane na kubaki na matokeo.

Chicago, nchini Marekani, walilitambua hilo kwa sheria. Mageuzi ya 1988 yaliipa shule baraza lenye wazazi sita, wakazi wawili wa eneo, walimu wawili na mkuu wa shule, likiwa na mamlaka ya kumchagua mkuu huyo na kupitisha mpango wa shule. Jirani akapata kiti. Hata hivyo, mjumbe mzazi huchaguliwa kwa miaka miwili, mkuu hupewa mkataba wa minne, na uamuzi wa kufunga shule ulibaki juu: mwaka 2013 jiji lilifunga karibu shule 50. Mwaka 2015 watu 12 katika mtaa wa Bronzeville walisusia chakula kwa siku 34 kuidai sekondari ya Dyett, iliyokuwa imefungwa, pamoja na mpango ambao wakazi waliuandika. Shule ilifunguliwa tena 2016, kwa mwelekeo wa sanaa uliochaguliwa na jiji. Mpango wa wakazi uliwekwa kando.

Dodoma suala la kalenda ni dogo zaidi na halihitaji kususia chakula. Mvua huko ni ya msimu mmoja na mahindi huvunwa Mei na Juni. Mkutano wa Januari unaoomba debe la mahindi kwa ajili ya uji humkuta mkulima ghala likiwa limebaki pumba, naye hukubali kwa mdomo ili kikao kiishe, kisha hubaki na deni. Kamati ikihamishia ombi hilo Julai, sehemu kubwa ya madeni huenda ikafutika. Itabaki familia isiyo na shamba, ambayo mwezi wowote haiisaidii, na kamati italazimika kuamua kama mtoto wake atakunywa uji na wenzake.