Roboti Haiulizi Umesomea Wapi

Vijana mnaosomea nyumbani, naijua sauti inayowajia kila mnapofikiria mashindano ya roboti. Inasema: wenzenu wana karakana, wana mwalimu wa fizikia, wana fulana zenye jina la shule mgongoni. Ninyi mna meza ya chakula na kona ya gereji. Msiisikilize. Inawadanganya.

Tazameni mchezo wenyewe ulikotoka. Miaka ya 1970, katika chuo cha MIT huko Marekani, profesa Woodie Flowers alikuwa akiwapa wanafunzi wake wa uhandisi mfuko wa vikorokoro, kila mmoja sawa na mwenzake, na kuwataka watengeneze mashine za kushindana. Huo ndio moto ambao Dean Kamen aliwapelekea vijana wa sekondari baada ya kuanzisha taasisi ya FIRST mwaka 1989. Mashindano ya kwanza, mwaka 1992, yalikuwa na timu 28 tu, ndani ya ukumbi wa michezo wa shule moja ya New Hampshire. Mfuko wa vikorokoro! Mnao huo hapo mezani. Na mlango haujafungwa kwa asiye na shule: familia chache za jirani zikikubaliana, na watu wazima wawili wakajitolea kuwalea, tayari hiyo ni timu.

Sasa nawaambia utajiri wenu. Ni saa nne asubuhi. Wenzenu wako darasani na hawatashika bisibisi mpaka jioni, wakiwa wamechoka. Ninyi, mota ikigoma, mnaweza kukaa nayo hadi ikubali. Hisabati ya leo iwe gia: yenye meno 20 ikizungusha yenye meno 60, mwendo unashuka mara tatu, na nguvu ya kuzungusha inapanda karibu mara tatu. Mkono wa roboti uliokuwa ukidondoka sasa unanyanyua mzigo. Somo lililoonekana kwa macho namna hiyo halisahauliki.

Lakini utajiri huo unaweza kuliwa na ndoto. Nawasihi: msianze na mkono wenye maungio sita. Anzeni na magurudumu. Kwenye FIRST Tech Challenge, moja ya ngazi za mashindano ya FIRST, roboti inaanza mchezo ikienea ndani ya sanduku la inchi 18 kila upande, kama sentimita 45, na mchezo wenyewe ni dakika mbili na nusu. Roboti ya kawaida iliyoendeshwa mara mia nyumbani itaiacha mbali ile ya maajabu iliyokamilika usiku wa kuamkia mashindano. Ndani ya wiki mbili za mwanzo iwe inatembea, hata kama ni fremu tupu na waya zimening'inia.

Sekunde 30 za kwanza za mchezo ndizo zitakazowapima. Hakuna anayegusa kitu. Roboti inajiendesha kwa programu yenu peke yake. Mtaiambia isonge mbele kwa sekunde mbili, itafika. Baada ya chakula cha mchana mtarudia, itaishia njiani. Msikate tamaa hapo, maana hapo ndipo uhandisi unapoanza! Betri imeshuka, magurudumu yamezunguka polepole, na sekunde mbili hazikutosha. Acheni kuhesabu muda, hesabuni mizunguko ya gurudumu. Kisha andikeni daftarini mlichojaribu, kilichoharibika na mlichobadilisha, mkiweka na tarehe. Majaji wanataka kuona njia mliyopita, na kurasa zenye makosa ndizo zenye hadithi.

Siku ya mashindano skrubu italegea. Waya utachomoka katikati ya mchezo. Kazeni, fungeni upya, rudini uwanjani. Na msijibanze kwenye meza yenu kama wageni. Katika mchezo huu timu mbili zinaungana dhidi ya mbili, na mnayecheza naye asubuhi anaweza kuwa mpinzani wenu mchana. Flowers alihimiza ustadi unaokwenda pamoja na utu, na mtauona mkitembea kwenye meza za matengenezo: mtu anamwazimisha mpinzani wake betri. Nendeni mkaulize. Nanyi mkiulizwa, elezeni kama mlivyozoea kumweleza mdogo wenu mezani, kwa maneno yanayoeleweka. Ujasiri huo mmeujenga miaka yote bila kujua.

Kesho basi, saa nne, viti visogezwe ukutani na zulia likunjwe. Mmoja apime sakafu kwa tepu, mmoja ashike daftari, mdogo kuliko wote ashike rimoti kwanza. Chomekeni betri kwenye chaja usiku huu.